Rangi Haitibu Kutu

Nitasema tu, na wakubwa wangu wanisamehe: sisi watu wa Garissa tunapenda rangi kuliko tunavyopenda chuma. Idd ikikaribia, pita bulla yoyote ujionee. Mageti yanameta, viti vya hoteli vinameta, hata vyuma vya madirisha vinameta. Sasa rudi baada ya miezi mitatu. Rangi imevimba kama ngozi iliyoungua, ukiigusa kwa kucha inabanduka, na kutu iko palepale chini yake, tena imenenepa.

Kuna watu huniambia, "Kutu gani huku? Hii ni Garissa bwana, si Mombasa." Sawa, Mombasa wana hewa ya bahari. Lakini chuma hakingoji bahari. Kinataka maji na hewa tu, na chumvi ikiongezeka mambo yanaenda mbio. Sisi huosha sakafu za hoteli kwa ndoo kila jioni, na maji ya visima vingi huku kwetu yana chumvi hadi unaisikia kwenye chai. Viti vinasimama humohumo. Halafu kuna Tana. Mvua ikinyesha Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa kuanzia Masinga hadi Kiambere yakafurika, maji yanashuka kwetu hata kama hapa mjini jua linachoma. Novemba 2023, wakati wa El Niño, barabara ya Garissa kwenda Madogo ilikatwa kabisa.

Hoteli ya hooyo iko upande wa chini, karibu na mto. Si kubwa: meza 3 na viti 12 vya chuma vya kukalia nje, chini ya mwarobaini. Maji yalivikalia siku kadhaa. Alivinunua zamu yake ya ayuuto ilipofika, kwa hivyo usimletee hadithi ya kuviuza kwa watu wa vyuma kuukuu halafu alete vya plastiki. Hivyo viti ndivyo vilivyotusomesha.

Sasa siku moja ya Ijumaa mzee mmoja, mteja wa kila siku, akatoka msikitini na kanzu nyeupe pe. Akakaa, akanywa shaah, akainuka na mistari miwili ya rangi ya tofali huko nyuma. Hooyo aliomba msamaha hadi sauti ikakauka. (Yakikukuta, usitie jiki, doa litazidi kukolea. Paka ndimu na chumvi, anika juani, kisha ufue kawaida.) Ijumaa iliyofuata mzee alinywa chai kwa jirani. Na mzee akihama hahami peke yake, anahama na baraza lake zima.

Ramadhani ya 2024 ilianza Machi, na mchana hoteli inafungwa. Nikaona huu ndio wakati. Fundi mmoja alishatoa bei: shilingi 150 kwa kiti, anapaka siku moja, imeisha. Hooyo aliipenda sana hiyo "imeisha". Nilipomwambia kutu itolewe kwanza, akaniuliza, "Na watu wa futari nitawakalisha wapi? Kwa maneno yako?"

Hilo swali lilikuwa na haki yake. Jioni za Ramadhani ndizo zinazolipa kodi. Wengi wanaopaka rangi juu ya kutu si wajinga, wana haraka tu, na haraka yao ina sababu. Kwa hivyo usimhubirie mtu wa biashara, mpangie. Tukakubaliana viti 4 vitengenezwe, 8 vibaki kazini, tukimaliza hivyo tunabadilisha.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Kwa sababu kutu si uchafu ulioganda juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kimegeuka. Inachukua nafasi kubwa kuliko ile ya chuma kilichoizaa, kwa hivyo inaisukuma rangi kutoka chini. Tena ina vitundu vinavyoshika unyevu. Ukiifunika kwa rangi, umefungia adui ndani ya nyumba na kumpa blanketi.

Kazi tuliianza kila siku baada ya alfajiri, tukaacha kama saa tatu. Ukichelewa hapo, kiti hakishikiki, rangi inakauka juu kabla ya chini na kufanya mapovu, na upepo unakuletea vumbi la barabara. Kwanza unaosha kwa sabuni, maana mafuta ya sambusa yakibaki hakuna rangi itakayoshika. Kikauke. Halafu brashi ya waya, unakwangua yote inayobanduka. Kisha msasa, wa namba 80 kwanza, halafu wa 120 kulainisha. Usidanganywe na sehemu inayoonekana. Geuza kiti miguu juu. Kutu hupenda nyayo za miguu, chini ya kalio, na pale vyuma vilipochomelewa.

Bolti na nati tulizilaza kwenye siki usiku kucha, asubuhi tukazisugua, tukazisuuza kwa maji yenye magadi kidogo, tukazikausha hapohapo. Angalia: siki na jiki visikutane hata siku moja, vinatoa gesi inayochoma mapafu. Na funga pua na mdomo. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ile ya zamani isugue ikiwa imeloweshwa, na watoto wakae mbali.

Chuma kikishang'aa, usilale nacho hivyo. Futa vumbi, kisha siku hiyohiyo upake ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, yenye wekundu wa udongo. Ikikauka, rangi ya juu mara mbili, nyembamba nyembamba. Mara moja nzito hailingani na mara mbili nyepesi.

Kiti kimoja nusura kitutoke. Nilibonyeza mguu wake kwa bisibisi, bisibisi ikapenya kama kwenye muwa uliooza. Maji yalikuwa yameingia ndani ya bomba yakakosa pa kutokea. Hooyo aliukamata ule mguu, akanyamaza. Tukakipeleka kwa mtu wa kuchomelea, akakata kipande kibovu, akaweka kipya, na tukamwomba atoboe tundu dogo chini ya kila mguu ili maji yatoke. Kama tungepaka rangi tu, kiti hicho kingemwangusha mtu mbele ya futari yake.

Mwisho wa Aprili maji yakarudi, na barabara ya Madogo ikakatwa tena. Safari hii tuliviinua viti juu mapema, vikanyeshewa lakini havikuzama. Hadi leo rangi yake imeshika. Kwa jirani, aliyepaka kwa siku moja, ilibanduka kabla hata ya Idd ya kuchinja.

Sasa nyinyi vijana wenzangu mnaotafuta kazi ya mkono, nisikilizeni. Watu huwalipa kwa kupaka, kwa sababu kupaka kunaonekana. Kukwangua hakuonekani, ndiyo maana fundi anakuruka. Akitaja bei ya kukwangua anaambiwa ni ghali, asipotaja anafanya kazi mbovu halafu anaitwa mwizi. Mimi nasema bei zitajwe mbili, waziwazi: ya kutoa kutu, na ya rangi. Mpeleke mteja kwenye kiti kilichogeuzwa miguu juu, umwonyeshe. Akiona mwenyewe, nusu ya ubishi umekwisha.

Na wewe mwenye kiti, siku fundi akikwambia "naimaliza leo", muulize swali moja tu: chini ya hiyo rangi unaacha nini?