Vichache, Kidogo na Haba

Kosa dogo la lugha laweza kumgharimu mtu jambo kubwa. Mimi nilijifunza hayo kwa gharama ya vitabu ambavyo havikuwa vyangu.

Nilikuwa mwalimu kijana wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari ya bweni. Fizikia ilifundishwa kwa kitabu kimoja kwa wanafunzi wanane. Jioni, kabla jenereta halijazimwa, ungewaona vijana wa kidato cha nne wamekizunguka kitabu hicho kama watu waotao moto, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakinakili. Ikasikika kwamba shirika moja la hisani la ng'ambo lilikuwa likigawa vitabu vilivyokwisha tumika huko kwao. Mkuu wa Shule akaniita ofisini. "Mwalimu," akaniambia, "waandikie hao ndugu. Waeleze kwamba vitabu vya fizikia tunavyo vichache, watusaidie." Nikaketi kwenye taipureta, nikaandika kwa Kiingereza nilichokiamini kuwa safi kwamba tunavyo "a few physics books". Barua ikaenda.

Jibu lilifika baada ya miezi miwili, nalo liliandikwa kwa adabu nyingi. Walifurahi kusikia kwamba shule yetu haikuwa mikono mitupu. Kwa kuwa shehena yao ilikuwa ndogo, waliona heri waipeleke kwa shule zisizokuwa na kitabu hata kimoja. Mkuu aliisoma barua ile mara mbili, akavua miwani. "Mwalimu, uliwaambia nini?" Nikaleta nakala yangu, tukaisoma pamoja, wala hapana kati yetu aliyeona kosa. Mwalimu wa hisabati, mzee aliyekaribia kustaafu, ndiye aliyeweka kidole chake juu ya herufi moja tu, "a", akasema: "Hapa mmewaambia tunavyo. Nanyi mlitaka kuwaambia havitoshi."

Mzee yule alisema kweli. Katika Kiingereza, "few books" ni kauli ya mtu anayeona upungufu, na "a few books" ni kauli ya mtu anayeona kwamba kipo cha kuanzia. Idadi ya vitabu yaweza kuwa ileile. Kinachobadilika ni jicho la msemaji. Ndivyo ilivyo pia kwa vitu visivyohesabika: mwenye "a little water" ana maji ya kumtosha kunawa, lakini mwenye "little water" analalamika kiu.

Aibu yangu ilizidi kwa sababu ya jambo jingine. Mapema katika muhula huohuo, kijana mmoja wa kidato cha kwanza aliandika katika insha yake kwamba mto wa kijijini kwao una "many water". Niliiandika sentensi yake ubaoni ili iwe fundisho kwa wote. Wenzake wakacheka, nami, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja nao. Tangu siku hiyo kijana yule hakuinua mkono tena darasani. Sasa mimi, mwenye cheti cha ualimu, nilikuwa nimejikwaa katika ukoo uleule wa maneno, na kujikwaa kwangu kumewaumiza watu wengi kuliko kwake. Ndipo kwa mara ya kwanza nikajiuliza swali ambalo mwalimu hana budi kujiuliza kabla ya kucheka: kosa la mtoto huyu limetoka wapi?

Lilitoka katika Kiswahili fasaha. Maji kwetu ni mengi kama mayai yalivyo mengi. Twasema maji yamemwagika na mayai yamevunjika, maji haya na mayai haya. Mafuta na maziwa nayo yamo katika ngeli hiyohiyo. Mtoto aliyelelewa kwa sarufi hiyo anapofika mbele ya Kiingereza huyaona maji kuwa ni wingi, na wingi kwake ni "many". Hakukosa akili. Alifuata kanuni ya lugha yake kwa uaminifu, na mwalimu wake hakumwambia kwamba mpakani kanuni hiyo hubadilika.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, na mwanafunzi hukutana na Kiingereza kama lugha ya karibu masomo yote aingiapo sekondari. Kwa hiyo huja darasani akiwa na vipimo vyake tayari. Mwalimu asiyevijua vipimo hivyo humfundisha kana kwamba mkono wake ni mtupu, hali ameshika kibaba.

Na vipimo hivyo tunavyo. Msikilize mama aendaye sokoni. Kwa muuza mayai huulizwa, "Mangapi?" Kwa muuza unga huulizwa, "Kiasi gani?" Hakuna aliyemfundisha ubaoni, wala hata siku moja hawezi kuulizwa "unga mngapi". Hayo maswali mawili ndiyo mlango wa somo zima. Kinachojibu swali la "ngapi" hupewa "many" na "few". Kinachojibu swali la "kiasi gani" hupewa "much" na "little". Kadhalika tunayo maneno idadi na kiasi, ambayo asili yake ni Kiarabu: la kwanza ni la kuhesabu, la pili ni la kupima. Idadi ya watu, kiasi cha chumvi. Mwingereza naye husema "number" kwa watu na "amount" kwa chumvi. Siku hizi husikika watu wakisema "kiasi cha wanafunzi waliofaulu" na "idadi ya maji yaliyopotea". Anayezoea kuchanganya hayo katika Kiswahili asishangae yakimponyoka katika Kiingereza.

Tukishuka upande wa uchache, Kiswahili chatofautisha kama Kiingereza kitofautishavyo. Watu ni wachache na siku ni chache. Chumvi ni kidogo na maji ni kidogo. Anayesema "chumvi chache" husikika mara moja kuwa mgeni. Tukipanda upande wa wingi, twakuta tofauti hiyo imetoweka: watu wengi, siku nyingi, chumvi nyingi, maji mengi. Neno ni moja kwa vyote. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anayo njia ya kuingilia katika "few" na "little", maana chache na kidogo zimekwisha mfungulia, lakini hana njia ya kuingilia katika "many" na "much". Mwalimu mwenye busara huanza somo mahali penye njia, kisha humvusha. Mimi, kama vitabu vingi vya sarufi, nilikuwa nikianzia "many" na "much", yaani mahali penye giza kwake.

Hata hivyo, maswali hayo mawili hayamalizi kila shida, maana mataifa hayakubaliani juu ya kitu gani kihesabiwe. Sisi hununua mikate miwili, sabuni mbili na chaki tatu. Mwingereza hawezi kuhesabu "bread", "soap" wala "chalk" mpaka ataje kwanza umbo lake, kama nasi tutajavyo mche wa sabuni, tone la maji, punje ya mchele na chembe ya mchanga. Mahindi kwetu yana umoja na wingi. Kwake "maize" ni kama unga, hata ikiwa bado shambani. Maharage, kinyume chake, huyahesabu. Mashauri mawili ya wazee kwake ni "advice" isiyo na hesabu, na "news" ina herufi ya wingi mwishoni lakini haikubali "many". Maneno ya namna hii hayana dawa ila kuyakusanya na kuyakumbuka. Haba na haba hujaza kibaba.

Wala tusidhani kwamba wenye lugha yao wamekwisha patana. Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba "fewer" ni ya vitu vihesabikavyo na "less" ni ya vitu vipimwavyo, nao huogopa kanuni hiyo kana kwamba ilishuka mlimani. Lakini Mfalme Alfred wa Wessex katika karne ya 9 alitumia "less" kwa maneno, navyo vyahesabika. Katika mwaka 1770 mtu aitwaye Robert Baker alichapisha kitabu ambamo alisema kwamba kwa vitu vya kuhesabu yeye aliona "fewer" lingefaa zaidi. Aliyatoa hayo kama maoni yake, na waliomfuata wakayageuza kuwa sheria. Katika mwaka 2008 kampuni ya maduka ya Tesco huko Uingereza ilibadilisha mabango ya foleni za wateja wenye bidhaa zisizozidi 10, baada ya watu kulalamika kwamba neno "less" lililotumika hapo si sahihi. Hata wanaoishika sana kanuni hiyo huitumia "less" kwa muda, masafa na fedha zenye tarakimu, kwa sababu maili 10 kwao ni umbali mmoja, hawazioni kuwa vitu 10. Nayasema haya si kwa kuwataka wanafunzi waidharau kanuni, maana katika mtihani na katika maandishi rasmi hutakiwa waishike. Nayasema ili mwalimu aifundishe bila kumdharau anayeikosea.

Basi nikarudi darasani. Nilichukua jikoni bakuli la mchele, bakuli la maharage na kopo, nikaviweka mezani. Nikawataka wanafunzi waulizane kwa Kiswahili kama watu walio sokoni, kisha wageuze maswali yao kwa Kiingereza. Mchele ukapimwa kwa kopo, maharage yakahesabiwa kwa punje hata darasa likachangamka. Kabla ya kuanza nilimwomba radhi yule kijana wa kidato cha kwanza mbele ya wenzake, nikawaeleza habari ya barua yangu na herufi yake moja. Walinyamaza kimya. Nadhani hawakuwahi kumsikia mwalimu akikiri kosa la sarufi.

Kuelekea mwisho wa kipindi kijana yule akainua mkono. "Mwalimu," aliuliza, "dukani twauliza pesa ngapi, na pesa zahesabika kuliko mchele. Mbona kwa Kiingereza ni 'how much money'?" Swali lilikuwa zuri kuliko somo langu. Nilimjibu kwamba Mwingereza huhesabu shilingi, noti na sarafu, lakini neno "money" kwake ni la mali iliyo katika fungu moja, kama mchele ulivyo katika gunia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekubali nusu, akaandika.

Lakini nilikuwa bado na deni la barua. Usiku ule nilijaribu kutafuta neno ambalo Mkuu angalilitumia ili mimi nisikosee. Vichache husema idadi tu. Aweza kusema "tunavyo vichache" mwenye kuridhika na mwenye kulia, na hutambua yupi ni yupi kwa sauti yake, au kwa kuongeza neno "tu". Sauti haiandikiki, na "tu" haikuwamo katika agizo nililopewa. Ndipo likanijia neno la methali tuisemayo kila siku bila kulitazama: haba. Kilicho haba ni kichache au kidogo kuliko kinavyotakiwa. Watu haba, maji haba, vitabu haba. Hutumika kwa kinachohesabika na kwa kinachopimwa pia, na daima hubeba upungufu ndani yake. Hiyo ndiyo "few" bila "a", na ndiyo "little" bila "a". Nilikuwa nalo tangu utotoni. Ningaliliwaza kwa Kiswahili, nisingalikosea kwa Kiingereza.

Wako wanaodhani kwamba mtoto atajua Kiingereza vizuri zaidi akikiacha Kiswahili mlangoni. Mwalimu Julius Nyerere, aliyeitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la "Mabepari wa Venisi" katika mwaka 1969, hakukiacha mlangoni. Katika kesi iliyomo humo uhai wa mtu unategemea kipimo: mdai aruhusiwa kukata ratili moja ya nyama, isizidi wala isipungue, na tone la damu lisimwagike. Hukumu hiyo husomeka kwa Kiswahili bila kupoteza hata chembe ya uzito wake. Lugha iwezayo kupima hivyo yaweza kuwa mizani ya kujifunzia lugha nyingine yoyote.

Barua ya pili niliiandika kwanza kwa Kiswahili. "Vitabu vyetu vya fizikia ni haba, wanafunzi wanane husomea kimoja." Kisha ndipo nikaigeuza, sentensi kwa sentensi, na mzee wa hisabati akaipitia kabla haijatiwa sahihi. Mwaka uliofuata likaja kasha moja. Tulilifungua pamoja na kidato cha nne kipya, kila wanafunzi wawili wakapata kitabu. Wale waliokizunguka kitabu kimoja jioni walikuwa wamekwisha fanya mtihani wao na kwenda zao.