Mvule wa Baba

Marehemu baba aliniachia ubao mmoja wa mvule. Niliutunza miaka mingi, nikingoja siku ya kuuchonga uwe gita la umeme. Siku ilipofika, haraka ilinishinda. Niliongoza mashine ya ruta kwa mkono mtupu, bila kiolezo. Nafasi ya kuingilia shingo ya gita ikapanuka milimita tatu, shingo ikacheza kama jino bovu. Ubao ukawa kuni.

Usirudie kosa langu. Kata kwanza kiolezo cha MDF chenye unene wa milimita 12, ukipige msasa hadi ukingo uwe laini, kisha ukibandike juu ya ubao kwa utepe wenye gundi pande zote mbili. Kisu cha ruta chenye beringi hufuata ukingo huo. Punguza kidogo kidogo, usichimbe kina chote kwa mara moja.

Lakini jihadhari: dosari ya kiolezo hurithiwa na kila gita. Kijaribu kwenye mbao rahisi. Shingo ikiingia kwa kubana kidogo, basi endelea.

Kiolezo kikiharibika, utakata kingine. Mvule wa baba sitaupata tena.