Nyumba Njema si Mlango

Tumeombwa na jamaa kadhaa wanaoswali nasi tuandike habari ya nyumba tuliyoinunua katika Mji wa Kale wa Mombasa, ilhali makazi yetu yangali hapa Bur Dubai. Tumekubali kuandika, si kwa kujionyesha, kwani nyumba yenyewe ni ndogo na umri wake ni mkubwa. Tumekubali kwa sababu katika kuinunua tulipitia jambo ambalo familia nyingi za kwetu zitakutana nalo.

Anayeishi Bur Dubai hawezi kukosa kuyatamani majumba ya kale. Ukitoka kwenye vituo vya abra ukaambaa na khori, unafika mtaa wa Al Fahidi, ambao wengi wetu tuliujua kwa jina la Bastakiya. Mtaa huo ulijengwa na wafanyabiashara waliohamia kutoka Bastak na miji jirani ya kusini mwa Uajemi, wakaleta na minara yao ya upepo iitwayo barjeel. Katika miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mtaa ilibomolewa, na iliyobaki nayo ilikuwa njiani kubomolewa. Mbunifu wa majengo Mwingereza, Rayner Otter, aliyekuwa akikaa humo, alisimama kuutetea, na mwaka 1989 Prince Charles wa Uingereza aliutembelea na kuusifu. Ubomoaji ukasitishwa, nyumba zikatengenezwa, na leo ni mahali pa makumbusho, maonyesho ya sanaa na mikahawa.

Lakini mgeni hanunui nyumba katika mtaa ule. Sheria Nambari 7 ya mwaka 2006 ya Dubai inatoa haki ya kumiliki ardhi kwa raia wa Falme za Kiarabu na wa nchi za Baraza la Ushirikiano la Ghuba. Wengine huruhusiwa katika maeneo yaliyotajwa mahususi tu, na mengi ya hayo ni miji mipya ya maghorofa marefu. Kwa hiyo tunapita, tunastaajabu, tunarudi kwenye nyumba za kupanga. Hatusemi haya kwa kulalamika. Kila nchi ina sheria zake, na Kenya nayo, kwa Katiba ya mwaka 2010, humpa asiyekuwa raia ardhi ya kukodi tu, isiyozidi miaka 99.

Jambo moja, hata hivyo, lilitugusa. Ukiingia katika nyumba za Al Fahidi ukainua macho, utaona dari ya miti myembamba iliyopangwa kwa ukaribu. Wenyeji huiita chandal. Sisi tunaijua: ni boriti, miti ya mikoko iliyokatwa Lamu na katika delta ya Rufiji, ikapakiwa majahazini na kuletwa huku kwa upepo wa kusi. Majahazi yaliteremka kwetu kwa kaskazi yakiwa na tende, chumvi na mazulia, yakarudi na boriti. Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti nje mwaka 1982, na kabla ya hapo saruji na vyuma vilikwisha kuipunguza biashara hiyo. Kwa kuwa urefu wa boriti una mpaka wake, vyumba vya kale vya hapa na vya kwetu vina upana unaokaribiana, mita 3 hivi au pungufu. Watoto wetu waliozaliwa huku walipoambiwa kwamba mapaa ya Dubai ya zamani yalishikiliwa na miti ya Lamu, waliuliza: "Na sisi nyumba yetu iko wapi?"

Swali hilo halikuwa na jawabu. Ukaazi wetu umefungamana na kazi. Kazi ikikoma, hatuna budi kufunga mizigo. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nasi tulitaka kuijua ngama yetu ingali nguvu zipo.

Tuliazimia kutafuta nyumba ndogo katika mtaa uliokwisha kukaliwa, wenye msikiti wa kufikika kwa miguu na majirani wanaojuana. Nyumba ya kwanza tuliyoonyeshwa na dalali ilikuwa ya bei nafuu mno. Sababu ilidhihirika upesi: ilikuwa nyumba bila ardhi. Desturi hii ya Mombasa wageni huistaajabia. Kuta na paa ni mali ya mtu mmoja, kiwanja ni cha mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi. Wako waliokaa hivyo vizazi kadhaa kwa salama. Wako pia walioamka wakakuta kiwanja kimeuzwa na mwenyewe mpya anataka wabomoe. Tukashukuru, tukaendelea.

Nyumba ya pili ilikuwa Kibokoni. Ina ghorofa moja, ukumbi, vyumba vitatu vyembamba, ua mdogo na mlango wa kuchongwa ambao kila apitaye huutazama. Ilikuwa na kiwanja chake. Tulimtuma fundi mzee aliyezoea nyumba za mawe. Hakuutazama mlango hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja chooni. Mahali pa maji, alisema, ndipo boriti huoza kwanza, hasa ncha zilizozama ukutani zisikoonekana. Akazigonga moja moja akisikiliza sauti. Akazitazama nyufa: ule wa lipu ni wa juu juu, lakini unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha una habari ya msingi. Akapapasa mahali palipopigwa saruji na mpangaji wa zamani. Jiwe la matumbawe, alitueleza, hufyonza unyevu na kuutoa. Chokaa huupitisha, saruji huufungia ndani, na chumvi ikabaki kuula ukuta. Hesabu yake ilikuwa boriti kumi na mbili za kubadilishwa, choo kujengwa upya, na saruji yote kubanduliwa. Bei pamoja na matengenezo tuliimudu, kwa akiba ya miaka mingi na mkopo mwema wa ndugu wawili, bila riba.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipotokea. Nyumba ilikuwa ya urithi. Karatasi aliyotuletea dalali ilikuwa na majina na sahihi za warithi wanne, ndugu wa kiume wawili na wa kike wawili. Jamaa yetu alipokwenda kuwasalimu majirani, kama ilivyo adabu, bibi mmoja aliyeketi barazani alimwuliza, "Na yule wa Tanga, naye ameridhia?" Kumbe marehemu alikuwa na binti mwingine, mkubwa kuliko wote, aliyeolewa Tanga miaka mingi iliyopita.

Tulipowauliza kaka zake, walijibu kwamba dada yao "amesamehe". Neno hili, ndugu zetu, kila mmoja wetu analijua. Mara ngapi mwanamke amesamehe fungu lake bila ya kuulizwa? Mara ngapi amesamehe kwa sababu alionewa haya, au aliambiwa kwamba mumewe anamtosha? Kusamehe ni haki yake, lakini ni kwa mwenye kujua kiasi cha mali yake, na kwa ulimi wake mwenyewe. Mafungu ya mirathi yamepangwa katika Suratun Nisaa, wala hayakuachiwa kaka kuyapunguza. Na hadithi mashuhuri ya shibiri moja ya ardhi iliyochukuliwa kwa dhulma, kila mtoto aliyepita chuoni aliisikia.

Tulimtafuta kwa njia ya jamaa, tukampigia simu. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, wanangu." Tukamweleza. Akanyamaza, kisha akasema: "Mimi sikuulizwa na mtu. Wala sitaki kuwazuilia, wauze. Nataka nihesabiwe tu."

Dalali alituhimiza. Alisema yuko mnunuzi mwingine mwenye fedha taslimu, na kwamba tusipotoa arbuni katika wiki mbili nyumba itakwenda. Kwetu Bur Dubai mjadala ulikuwa mkali. Baadhi yetu walisema dhambi ni ya wauzaji, sisi tunanunua kwa karatasi iliyotiwa sahihi. Wengine walisema: tutaswali vipi katika chumba ambacho sehemu yake moja katika saba ni ya mtu ambaye hakuuza? Maana hesabu ndiyo hiyo. Kila wa kiume mafungu mawili, kila wa kike fungu moja. Kaka wawili na dada watatu, jumla mafungu saba. Mwishowe tuliafikiana kwamba hatutoi hata dirhamu moja mpaka majina yawe matano.

Shauri likapelekwa kwa Kadhi. Katika Kenya, mahakama za Kadhi zimetajwa katika Katiba, na Sheria ya Urithi inakubali mirathi ya Mwislamu igawanywe kwa sharia ya dini yake. Ilichukua miezi minane. Katika miezi hiyo bei za mtaani zilipanda na warithi wakaomba nyongeza; tukaitoa, na mwaka ule hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda likizo nyumbani. Yule mnunuzi mwingine hatukumwona. Mwisho yule bibi alikuja kutoka Tanga, akatia sahihi, akapokea fungu lake kwa mkono wake mwenyewe, si kwa mkono wa kaka.

Kwa wenzetu wanaofikiria jambo kama hili, tunatoa haya machache. Msitume pesa kabla ya wakili wenu mwenyewe, si wa muuzaji, kuitazama hati katika ofisi ya ardhi. Nyumba ikiwa ya urithi, dai lenu la kwanza liwe hukumu inayotaja warithi wote na mafungu yao. Waulizeni majirani, baraza hujua yasiyoandikwa. Ikiwa sehemu tu ya nyumba inauzwa, kumbukeni haki ya shufaa, ambayo katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, ni ya mshirika. Uwakala mnaompa ndugu uandikwe, uthibitishwe na ubalozi, na uwe wa shughuli moja tu. Wekeni kando ushuru wa stempu, ambao kwa Kenya ni asilimia 4 ya thamani katika miji. Na kwa Mji wa Kale, kabla ya kugusa roshani, mlango au sura ya mbele, pateni idhini ya ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wengine huona hilo ni udhia. Sisi tuliokaa karibu na Al Fahidi tumeona thamani ya kilichosazwa, na tumesikia majuto ya kilichobomolewa.

Nyumba yetu ingali na kazi nyingi. Boriti saba zimebadilishwa, tano zinangoja kipato. Paa huvuja pembe moja. Lakini mtoto akituuliza tena nyumba yetu iko wapi, tunaweza kumtajia mtaa, na tukamwambia pia kwamba kila aliyekuwa na haki ndani yake aliulizwa.

Mwenyezi Mungu awajaalie nyote makazi ya halali, huku ugenini na huko makwetu, na makazi mema zaidi baada ya haya. Amin.