Sufuria ya Saa Tisa Usiku

Ndugu msomaji, yumkini nawe umo katika kundi la wale ambao, bomba likianza kutona nyumbani, hulifunga kitambaa na kwenda zao kazini. Mimi nilikuwa mmoja wao, nami sina budi kukiri jinsi uzembe huo ulivyonifedhehesha.

Nyumba ninayoishi, hapa Magomeni jijini Dar es Salaam, niliachiwa na marehemu baba. Mabomba yake ni ya chuma kilichopakwa zinki, ya nusu inchi. Katika pembe ya jiko, karibu kabisa na sakafu, pana kiungo kilichopinda kama kiwiko, ambacho mafundi hukiita elbo. Hapo ndipo palipoanza kutona. Nilipafunga ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, nikajipongeza. Siku ya tatu mpira ulilegea. Ndoo haikuweza kuingia hapo chini, kwa hiyo tukakinga sufuria ya lita 2.

Usiku mmoja nilikesha nikiandika habari iliyokuwa ikisubiriwa asubuhi. Ilipotimu saa tisa nikamwona mke wangu akitoka chumbani, amefumba nusu jicho, akainama, akaimwaga sufuria na kuirudisha mahali pake. Nikamwuliza tangu lini afanya hivyo. "Tangu ulipofunga ule mpira wako, Baba watoto. Isipomwagwa sasa, maji hupita chini ya mlango yakalowesha godoro la watoto."

Majuma matatu! Nami nilikuwa nikilala fofofo. Nikapiga hesabu: sufuria ilijaa tangu saa nne usiku hadi saa tisa, yaani lita 2 kwa saa tano. Kwa siku nzima ni karibu lita 10. Kwa mwezi takriban lita 290, ndoo 14 za lita 20 na ushei. (Usiku maji hutoka kwa nguvu zaidi, maana mtaa umelala na koki zimefungwa, hivyo mchana huenda yalipungua kidogo.) Lakini hesabu ya maji haikuniuma kama ile ya usingizi wa mtu.

Jumamosi nikaazima spana ya bomba, nikafunga koki kuu iliyo karibu na mita, nikafungua bomba la uani ili maji yaliyobaki yatoke. Hadi hapo nilistahili sifa. Kisha nikaing'ang'ania ile elbo kwa nguvu zangu zote. Ikazunguka kidogo, nami nikashangilia. Kumbe lililozunguka si elbo, bali ni bomba lenyewe ndani ya ukuta! Nilipofungulia maji, ukuta ukaanza kutoka jasho.

Nilikwenda kwa mzee mmoja jirani, aliyestaafu kazi ya ufundi bomba, nikiwa nimeinamisha kichwa. Alikuja, akatazama, akaguna. "Mwanangu, ulikuwa na spana ngapi?" Moja, Mzee. "Basi ndiyo maana. Moja hushika bomba lisitikisike, ya pili huzungusha. Tena elbo hii imebanwa na mabomba pande zote mbili. Ungeizungusha iende wapi?"

Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo ningelijua mapema lingeniokoa. Kiungo kilicho katikati ya njia hakifunguki peke yake. Aghalabu huna budi kuanzia mwisho wa njia, penye koki, ukifungua kimoja kimoja hadi ukifikie. Ama ukate bomba kwa msumeno wa chuma, kisha uliunganishe tena kwa yunioni, kiungo cha vipande vitatu kinachofungika bila kulizungusha bomba. Mzee alinionyesha pia kwa nini chuma huoza penye hesi kwanza: zinapokatwa, zinki huondoka na unene wa bomba hupungua, hivyo kutu hupata mlango.

Tulibomoa plasta kiasi cha urefu wa mkono. Mzee akakata sehemu iliyoharibika, akachonga hesi mpya, akazisugua kwa brashi ya waya. Akazizungushia tepu nyeupe kufuata upande wa kukazia, maana ikizungushwa kinyume hujikunja na kutoka. Zamani, alisema, walitumia nyuzi za katani na rangi, na mpaka leo katani anaiamini zaidi. Akanionya jambo moja zaidi: ukikaza elbo ikapita pale ulipotaka ielekee, usiirudishe nyuma hata kidogo, ifungue yote, uifunge upya, kwani kuirudisha hulegeza kile kilichoziba.

Ulipofika wakati wa kukaza, Mzee alikwenda kuswali alasiri. Nilishika spana ya kuzungushia, na mke wangu akaja, bila kuitwa, akaishika ile ya pili. Hakusema neno. Bomba halikutikisika.

Usiku ule, badala ya sufuria, nilitandika gazeti la zamani chini ya elbo, kwa kuwa tone moja tu huacha alama juu ya karatasi. Saa tisa nilisikia kitanda kikilia. Nikamfuata jikoni, nikamkuta amechuchumaa gizani, akilipapasa gazeti kwa kiganja. Lilikuwa kavu.

"Nenda ukalale," nikamwambia.

"Nitalala," akajibu. "Nimezoea tu kuamka."