Maji Yaliyoingia Jikoni kwa Dani

Wasee, kila nikifungua simu kuna mtu yuko Nepal. Siku kumi anapanda milima ya Annapurna, halafu anashuka mto Trishuli kwa boti ya mpira. Sawa. Lakini ukimwambia mtu wa Ahero kwamba unalipa pesa ndio maji yakurushe, atadhani umerogwa.

Sisi maji tunayakimbia. Nyando hutoka huko milima ya Nandi na mbio zake zote, ikifika uwanda wa Kano inakuta nchi imelala kama meza, inamwagika. Mafuriko ya 2024 yalipoingia kwa dani, sufuria zilielea jikoni. Moja haikuonekana tena. Na mimi, mtoto wa ziwa, sijui kuogelea. Usicheke, tuko wengi.

Nilipomwambia naenda Uganda kupanda Mlima Elgon, kisha niingie Nile pale Jinja, alinyamaza kwanza. "Nyakwara, haya ya hapa nyumbani hayakukutosha?"

Tulienda watu watatu, kitambulisho tu, kupitia Busia hadi Mbale. Tukaanzia Budadiri, njia ya Sasa. Wanaosema Elgon ni mlima wa wazee hawajapanda zile ngazi za miamba ya Mudangi wakiwa na begi mgongoni. Usiku pale Mude nilivaa kila nguo niliyobeba, hata ile ya kuogea mtoni. Siku ya tatu, Wagagai, mita 4,321. Askari wa wanyamapori aliyetuongoza akanyoosha mkono mashariki: upande ule wa Kenya, maji yanashuka na Nzoia mpaka ziwani. Nyando pia inaishia ziwani. Na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Jinja.

Manze, hapo ndipo nilielewa naenda wapi.

(Anza na mlima, tafadhali. Ukianza na mto, mabega yatauma na bado begi linakungoja.)

Jinja wanakupa helmeti na jaketi la kuelea, wanakufundisha kushika kasia, halafu wanakupindua makusudi kwenye maji matulivu ili ujifunze. Mimi nilishikilia kamba nikakataa kuachia. Kiongozi hakunicheka. Aliniambia nilale chali, miguu mbele, niache jaketi lifanye kazi.

Wimbi la tatu likatupindua kwelikweli. Chini kulikuwa giza na kelele, na nilichofikiria ni lile jiko: maji ya kahawia, mimi juu ya meza, dani akiita jina langu. Halafu jaketi likanitoa. Nikalala chali. Miguu mbele. Mto ukanibeba tu, mpaka mtu wa kayaki akanifikia. Nililia, na sikujali nani anarekodi.

Ukitaka kwenda, usingoje sana. Bwawa la Bujagali, 2012, na la Isimba, 2019, yameshafunika sehemu kubwa ya yale maji makali ya zamani.

Jioni nikampigia dani. Nikamwambia nimeanguka ndani, nimetoka, na maji yale ni yetu, yamepitia ziwani. Alifikiria kidogo, kisha akauliza kama nimeiona sufuria yake.