Sumu Haijaribiwi kwa Kuonjwa

Wahenga walisema sumu haijaribiwi kwa kuonjwa. Hata hivyo, hakuna dawa ya binadamu inayothibitishwa bila ya watu fulani kuionja kwanza. Swali, basi, ni nani aonje, na nani amwangalie.

Nalitafakari jambo hili kwa sababu mimi mwenyewe ni mnene, na magoti yangu yamechoka kunibeba. Mjukuu wangu aliniambia, "Babu, kuna dawa bado iko kwenye majaribio, lakini mtandaoni inauzwa. Watu wanapungua kweli."

Sikumbishia kuwa wanapungua. Nilimsimulia habari ya dinitrofenoli. Katika Vita Kuu ya Kwanza, wafanyakazi wa viwanda vya silaha nchini Ufaransa walioishika kemikali hiyo walikonda, wakatokwa jasho jingi, na baadhi yao wakafa. Mwaka 1933 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza kuwa inapunguza unene. Ilikuwa kweli: huufanya mwili uunguze chakula na kutoa joto tupu. Maelfu ya watu wakaimeza. Wapo waliopata mtoto wa jicho wakingali vijana. Wapo ambao joto la mwili lilipanda hadi wakafa, na dawa ya kuizimua haijapatikana hadi leo. Mwaka 1938 serikali ya Marekani ilitangaza kuwa haifai kwa binadamu.

Sasa tazama utaratibu ulio sawa. Utafiti wa semaglutaidi uliochapishwa mwaka 2021 uliwachukua watu 1,961 kwa wiki 68. Waliochomwa dawa walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao. Waliochomwa sindano isiyo na dawa, asilimia 2.4. Kichefuchefu na kuharisha viliandikwa. Baadhi yao walifuatiliwa baada ya kuacha, na katika mwaka mmoja walikuwa wamerudisha thuluthi mbili ya uzito waliokuwa wameupoteza. Hiyo nayo iliandikwa.

Chuoni niliwaambia walimu wanafunzi kuwa mtoto mmoja akifaulu, njia ya kufundishia haijathibitika. Waulizeni na walioanguka. Anayejichoma dawa ya majaribio aliyoinunua gizani amejitia katika utafiti usio na daktari wala daftari. Akidhurika, ameumia bure, kwani hata wa nyuma yake hatajifunza kitu.