Mtandao wa Dirishani

Mwaka 2008 nilikuwa nikikaa kwa mjomba Lushoto, katika nyumba iliyojengwa ubavuni mwa kilima, chini yake migomba na ng'ambo ya kijito mashamba ya kabichi. Mnara wa simu ulikuwa juu ya kilima cha pili, na dirisha la chumba cha wageni ndilo pekee lililoutazama. Hapo ndipo tulipoweka meza ya kompyuta.

Intaneti ilitoka kwenye simu ya Nokia. Nilichomeka waya wa simu kwenye laptopu, nikafungua programu iliyokuja na simu, nikajaza mipangilio ya kampuni, kisha kompyuta yenyewe ikapiga *99#. Juu ya kioo cha simu ilitokea herufi ndogo: G ikiwa ni GPRS, E ikiwa ni EDGE, yenye kasi kidogo. Picha tulizizima zote, na masasisho ya Windows pia, maana yalimaliza salio kimyakimya. Mtu akipiga simu, kila kitu kilisimama, kwa sababu simu zile hazikuweza kubeba sauti na data kwa pamoja. Mjomba akawatangazia ndugu wote: "Mchana msipige, mpwa wangu yuko mtandaoni."

Nchi ilikuwa bado haijafikiwa na kebo ya chini ya bahari. Intaneti ya kutoka nje ilitegemea satelaiti zilizo kilomita kama 36,000 juu ya Ikweta. Barua pepe niliyomwandikia rafiki yangu Tanga ilipanda huko, ikashukia ng'ambo kwenye kompyuta za watu, naye akaifuata kwa njia ileile. Nilipolielewa jambo hilo sikuona tena sababu ya kulalamikia dakika za kungoja.

Mwanzoni mwa 2009 yakatoka matokeo ya kidato cha nne. Wazazi walikuja na namba za mitihani zimeandikwa kwenye vikaratasi, mmoja kwenye kiganja. Nawashukuru hadi leo waliotengeneza kurasa zile za Baraza la Mitihani. Zilikuwa maandishi matupu: namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja, masomo. Hapakuwa na picha wala mapambo, ndiyo maana ziliweza kupita kwenye kile kiuzi chembamba cha mtandao wetu. Ningeweza kuwaonyesha wahandisi wengi wa leo ukurasa ule na kuwaambia hivi ndivyo mwananchi anavyohudumiwa.

Mama mmoja muuza karoti alikaa ukingoni mwa kitanda, kanga ameikunja mapajani. Mistari ilikuwa ikijitokeza kutoka juu kwenda chini, shule nzima, na namba ya binti yake ilikuwa karibu na mwisho. Daraja la pili. Nikamsomea somo kwa somo.

"Mwanangu, hiyo Fizikia soma tena."

"C, mama. Fizikia C."

Printa hatukuwa nayo. Nikachana karatasi ya daftari, nikanakili mstari wote kwa kalamu, kila somo na alama yake, na yeye akafuata kwa kidole ingawa alisema macho yake hayaoni vizuri. Akaniomba niweke sahihi chini, nikaweka.

Julai mwaka huohuo kebo ya SEACOM ikaanza kazi Dar es Salaam na Mombasa. Binamu yangu alituletea modemu ya USB kutoka Dar, ya aina ile iliyowaka taa ya bluu ikikuta 3G. Kwetu iliwaka kijani tu, 2G ileile, lakini angalau simu ya mjomba ikawa huru.

Binti wa muuza karoti alichaguliwa kidato cha tano. Aliporudi likizo alikuja na laini yake na simu ya kuazima, akataka nimwonyeshe namna ya kujaza mipangilio. Akaiandika yote kwenye daftari. Kabla likizo haijaisha alikuwa amewawekea majirani wa pande zote mbili, na mmoja wao alikuwa mwalimu wake wa zamani.